Wanafunzi wanakariri vitufe, kompyuta hawaijui

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaofundisha kompyuta mashuleni. Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga: tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani vyeti. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, vijana huja kuomba kibarua, na wengi wana cheti cha kompyuta mkononi.

Kompyuta zangu zina LibreOffice, programu za kuandika barua na kupiga hesabu kama Word na Excel za Microsoft, maana ni ya bure. Binti mmoja alikaa, akaikodolea macho, akauliza, "Mama, Word iko wapi?" Si mjinga, anachapa haraka kunishinda. Ila kaonyeshwa kitufe kilipo, hakuambiwa kinafanya kazi gani. Nikampa orodha ya mteja anayechukua machungwa Muheza: matenga, bei, jumla. Akatoa simu, akazidisha kwa kikokotoo, akaandika jibu mstari kwa mstari. Mteja akapiga kusema bei imepanda. Binti akaanza upya, tangu mstari wa kwanza! Hakujua kwamba ukiandika =B2*C2, yaani kisanduku cha matenga mara kisanduku cha bei, mashine inazidisha yenyewe, na bei ikibadilika jumla nayo inabadilika. Fomula hiyo Excel inaikubali, LibreOffice inaikubali. Wazo lenyewe lilikuwemo kwenye VisiCalc, programu ya zamani ya majedwali ya hesabu, mwaka 1979, Excel haijazaliwa.

Kuhusu kuhifadhi faili sitaki hata kuanza. Kazi ya mtu inaitwa "Document1", kesho yake haijulikani iko folda gani.

Walimu hujitetea kwamba matangazo ya kazi yanataka "ajue Word na Excel". Kweli yanataka. Lakini Word ipi? Mwaka 2007 Microsoft wenyewe waliondoa menyu zilizozoeleka wakaleta utepe wa vitufe, hata neno File likatoweka mpaka toleo la 2010. Aliyekariri njia alipotea papo hapo. Aliyejua anachotafuta alikipata.

Ombi langu ni kwenye mtihani wa vitendo. Mpeni mwanafunzi programu asiyowahi kuiona, barua ya kuandika na hesabu za duka, kisha mwacheni atafute mwenyewe. Leseni haihitajiki, wala kompyuta mpya. Shule ya hapa mjini isiyo na intaneti imtume mwalimu na flashi, LibreOffice nitamwekea bila malipo, ila asije Jumatatu asubuhi, foleni ya kopi huwa ndefu.

Mama Steshenari,
Ngamiani, Tanga