Barua kwa mwanangu aliyeko kambini

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mwanangu,

Shikamoo yako mdogo wako kanifikishia, marahaba. Hatujambo, isipokuwa goti la bibi yako. Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ukisikia tu neno "kula", mtandao unakatika.

Ile picha umevaa hogu la bluu, ile kinga ya kifua ya taekwondo yenu, nimeitazama mpaka chaji ikaisha. Nimewaonyesha akina mama wa kwaya mmoja mmoja, na nimejisifu, sikuona haya. Usiku nikaikuza kwa vidole, nikaona mifupa ya shingo. Mama, pale begani mtu anaweza kukinga maji ya mvua. Unakula?

Mdogo wako kashindwa kuficha. Anasema una kilo 57 unataka kuingia daraja la kilo 53, na siku zilizobaki ni tisa. Eti saa nane mchana unakimbia umevaa jaketi la mvua, Dar, joto lile! Na maji unasukutua tu, unatema.

Sasa sikiliza. Mimi na mzani tunajuana. Kreti ya zabibu ikikatwa alfajiri shambani, jioni pale barabarani imeshapungua, na hakuna aliyedokoa hata punje. Kilichotoka ni maji. Mteja akibonyeza, ganda linabonyea halirudi, bei inashuka hapohapo. Usiniambie ni mafuta yanakatika. Kilo nne kwa siku tisa ni maji hayo. Tena mnapimwa siku moja kabla ya pambano. Usiku mmoja utarudisha nini? Raundi tatu za dakika mbilimbili, mtu anakurushia teke la kichwa, na wewe umenyauka.

Kocha wako anasema kwenye 57 utakutana na wasichana wa miguu mirefu, na teke la kichwa ni pointi tatu wakati la kifuani ni mbili. Nimemwelewa. Yeye kocha, mimi muuza zabibu. Lakini nimemwomba mdogo wako anisomee hayo madaraja ya uzito, nikayaandika nyuma ya daftari la vikoba. Mashindano ya dunia wanawake wana manane: 46, 49, 53, 57, 62, 67, 73 na wanaozidi hapo. Olimpiki ni manne tu: 49, 57, 67 na wanaozidi. Hiyo 53 yako haimo! Wewe unayeota Olimpiki tangu sekondari unajikausha ili uzoee daraja ambalo huko halipo? (Na 49 usiifikirie kabisa. Sijakutuma huko.)

Mwangalie Ruth Gbagbi wa Ivory Coast. Mwaka 2017 kule Muju, Korea Kusini, alichukua ubingwa wa dunia kwenye kilo 62. Olimpiki ya Tokyo akapigana kwenye 67, akarudi na shaba, kama ile ya Rio 2016. Alipanda, mwanangu. Na wewe hapo ulipo hudaiwi hata kupanda, unadaiwa kula tu.

Najua utasema, "Mama, na wewe je?" Mwaka ule mvua ilipokataa niliwawekea ugali na mlenda nikasema nimeshakula jikoni. Jikoni kulikuwa na majivu. Mdogo wako ananiambia leo, mtu mzima, kwamba ulikuwa unahesabu sahani. Basi. Ile ilikuwa shida, haikuwa sifa, na kama uliichukua kwangu, nirudishie. Yale niliyoyasema kuhusu mtoto wa kike kurusha miguu, siyarudii, unayajua.

Bibi hujampigia mwezi mzima. Anakusalimia mbukwa, na anauliza huo mchezo wanalipa lini. Mpigie kabla hujapanda ndege, hata dakika mbili. Goti linamuuma zaidi akiona umemsahau.

Mbuzi mweusi kazaa mapacha, mmoja anamkataa, namnywesha kwa chupa. Mfuniko wa simtanki uliondoka na upepo, nimelifunika kwa bati na mawe mawili. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Ile pesa niliyokutumia ni ya mkopo wa vikoba, ni ya chakula, siyo ya jaketi jingine.

Unakula? Nijibu hilo tu, mengine nitasubiri.

Mama wa nyumba ya pili anashuka Dar na treni kesho, nimempa mzigo: karanga nimefunga kwenye khanga ya kijani, unga wa uwele, na zabibu kavu kilo moja, nimeipima mwenyewe. Khanga uirudishe, ni ya bibi. Ukishapokea nibip.

Mama yako