Il-40 haikuponzwa na udhaifu wa injini

Ndugu Mhariri,

Ndege ya Kisovieti Il-40 inapotajwa, wengi husema iliachwa kwa sababu injini zake zilikuwa dhaifu. Hilo si kweli, na vijana wanaosomea ufundi wa ndege hapa Dar es Salaam wanastahili maelezo sahihi.

Il-40 iliundwa kushambulia shabaha za ardhini, ikiwa na rubani na mpiga mzinga wa nyuma. Rubani wa majaribio Vladimir Kokkinaki aliirusha mara ya kwanza tarehe 7 Machi 1953, kwa injini mbili za jeti aina ya AM-5F. Taabu ilianza mizinga ya puani, ya milimita 23, ilipofyatuliwa angani: injini zikazimika.

Matundu ya hewa yalikuwa pembeni mwa kiwiliwili, nyuma ya midomo ya mizinga, hivyo injini zikavuta moshi wa baruti. Moshi huo ni wa moto na oksijeni yake ni haba. Tena haufiki sawasawa: upande mmoja wa kompresa, yaani sehemu ya injini inayobana hewa, unapata joto, mwingine baridi. Mapanga ya kompresa yanashindwa kuishika hewa, injini inakohoa, moto unazimika. Aliyewahi kuwasha jenereta ndani ya stoo iliyofungwa pale Kariakoo anajua jinsi inavyokosa pumzi kwa moshi wake yenyewe.

Dawa ya kweli ilikuwa kuhamisha vitu, wala si kuongeza nguvu. Kwenye Il-40P, toleo lililorekebishwa la 1955, matundu yalisogezwa hadi ncha ya pua, ikawa kama bunduki ya mitutu miwili. Mizinga minne ikawekwa chini ya tumbo, nyuma ya gurudumu la mbele. Moshi ukabaki nyuma ya matundu. Kwetu huo ndio ufundi uliokomaa, ingawa sura yake haivutii.

Amri ya kuiunda kwa wingi ilishatoka. Mradi ulifutwa tarehe 13 Aprili 1956, na mwezi huohuo kikosi kizima cha ndege za mashambulizi ya ardhini kikavunjwa. Wakuu waliamini vita vijavyo ni vya nyuklia. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na Su-25, ndege nyingine ya Kisovieti ya kushambulia ardhini, iliyoruka mara ya kwanza 1975.

Tunaomba mchapishe picha za pua zote mbili, ya 1953 na ya 1955, ubavu kwa ubavu. Msomaji ataona mwenyewe moshi ulikopita.

Mafundi wa injini za ndege,
Kipawa, Dar es Salaam