Barua kwa mwanangu: bango si onyesho

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi. Umesema idara imekupa kozi ya historia ya sanaa za maonyesho, na tasnifu yako nayo iko huko huko. Nimefurahi mno. Nakuandikia mambo ya kazi yenyewe, hasa yale ambayo vitabu vya mbinu za utafiti huyaruka.

Kabla ya yote, tenganisha tamthiliya na onyesho. Tamthiliya ni maandishi. Onyesho ni jambo lililotokea usiku fulani, mbele ya watu fulani, likaisha. Wengi huanza na Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, 1957, wakaja kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, 1969, kisha Hatia ya Penina Muhando, 1972, wakachambua dhamira na wahusika, wakasema wameandika historia ya maonyesho. Wameandika historia ya wachapaji. Vichekesho vya jukwaani havimo humo, kwa sababu vilitungwa papo hapo bila mswada. Vikundi kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre kuanzia 1992, vilijaza kumbi za Dar kwa ngoma, taarabu, sarakasi na mchezo wa kuigiza kwa kiingilio kimoja. Historia isiyowaona hao ina tundu kubwa katikati.

Hata penye kitabu, uliza ni toleo lipi. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Julius Caesar ilitoka 1963, akaisahihisha ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Ukikuta shule iliyoicheza 1965, usiwatie waigizaji wake maneno ya 1969 mdomoni.

Sasa tarehe, maana hapo ndipo tasnifu nyingi huanguka. Mabango mengi hayana mwaka, kwa kuwa aliyeyabandika alikuwa anawaambia watu wa wiki ile. Tuseme umepata bango la Dar: mchezo wa kuigiza, ukumbi wa CCM, Jumamosi 31 Mei, saa 2 usiku, kiingilio shilingi 10. Chukua kalenda. Kati ya 1967 na 1997, tarehe 31 Mei iliangukia Jumamosi mara tano: 1969, 1975, 1980, 1986 na 1997. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977, kwa hiyo miaka miwili ya mwanzo inaondoka. Shilingi 10 haikuwa kiingilio cha chochote 1997. Imebaki 1980 na 1986. Fungua kalenda ya Kiislamu: 31 Mei 1986 ilikuwa ndani ya Ramadhani, na vikundi vya Dar na mwambao kwa desturi husimamisha maonyesho mwezi ule. Kama ukumbi ungekuwa Dodoma, hoja hii ingelegea, na ni lazima uiandike hivyo. Kwa Dar, 1980 ndiyo yenye nguvu.

Hapo bado hujamaliza. Bango ni ahadi tu. Nenda kwenye magazeti: Uhuru na Daily News la Ijumaa tarehe 30 kwa matangazo, Mzalendo la Jumapili, kisha Uhuru na Daily News la Jumatatu tarehe 2 Juni kwa habari. Unaweza kukuta onyesho limeahirishwa, mwigizaji mkuu kafiwa au umeme umekatika. Usipopata gazeti linalothibitisha, andika “lilitangazwa”, usiandike “lilichezwa”. Neno hilo moja hutenganisha mtafiti na msimuliaji. (Na ukisoma tangazo la Kiingereza la siku ile ile, hakikisha 8 p.m. yao ndiyo saa 2 yetu. Wapo walioandika onyesho la 2 p.m., yaani saa 8 mchana, kwa kosa hilo tu.)

Kwa wazee, usiulize “mwaka gani”. Kumbukumbu ya mwaka huteleza, ya tukio hushika. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Karume? Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Sokoine alikuwa hai? Majibu matatu yanakubana ndani ya miaka michache. Halafu ingia kwenye vitu vya mwili: miguuni mlivaa nini, taa ilitoka upande gani, mkitoka jukwaani mlisimama wapi, ngoma ilikaa kushoto au kulia? Mpe karatasi na penseli achore ukumbi. Ukiuliza mchezo ulikuwa na ujumbe gani, atakupa hotuba ya leo. Wahoji mmoja mmoja. Ukiwakalisha waigizaji wanne pamoja, ndani ya nusu saa kumbukumbu ya mwongozaji inakuwa ya wote, na waliocheza sehemu ndogo, mara nyingi wanawake, wananyamaza.

Kaseti zilizorekodi maonyesho zinataka adabu yake. Vunja vijino viwili vya plastiki vya juu kwanza, kimoja kwa kila upande, ili isirekodiwe juu yake kwa bahati mbaya, kisha izungushe mpaka mwisho na kuirudisha taratibu kabla ya kuisikiliza, maana utepe uliolala miaka hugandana. Ikiwa na ukungu usiiguse na mashine kabisa, utauhamishia kwenye kaseti nyingine. Angalia pia urefu: kaseti ya C-90 huchukua dakika 45 kila upande. Mtu akirekodi mchezo wa saa moja na nusu, ilibidi aigeuze katikati, na maneno ya wakati ule yamepotea. Ukikuta mswada una mazungumzo ambayo kaseti haina, usikimbilie kusema mwongozaji aliyakata. Tazama kwanza kama pengo liko karibu na dakika ya 45.

Miswada iliyotumika mazoezini ipende kuliko kitabu safi. Mistari iliyofutwa, mishale, jina la mwigizaji aliyeingia badala ya mwingine: hapo ndipo onyesho lilipoacha nyayo. Nakili kwa penseli tu, usitumie kalamu ya wino karibu nayo. Pini zenye kutu zitoe kwa kulegeza, usizivute.

Na ukipiga picha ya bango lolote, ligeuze upige na nyuma. Karatasi ilikuwa adimu, na nyuma ndiko walikoandika nauli ya basi, idadi ya vitenge vya maleba (mavazi ya jukwaani) na nani hajarudisha ngoma.

Mama yako