Asante dada wa mwendokasi

Jamani kuna dada nilikaa naye kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara kwenda Kariakoo, jina sikumuuliza na linaniuma mpaka leo. Aliona kucha zangu zimekauka zinachanika matabaka kama kitunguu, akaniuliza taratibu, mdogo wangu unabandua rangi ya jeli kwa meno eh? Kweli nilikuwa nabandua. Akanielekeza vizuri kabisa, loweka pamba kwenye asetoni, ile dawa ya kutoa rangi, iweke juu ya kucha funga na foili dakika 10 hadi 15, usikwangue kwa nguvu maana unatoka na kucha yenyewe, ukimaliza paka mafuta ya nazi mpaka ngozi ya pembeni, kila usiku, na ukiosha vyombo au kufua vaa glavu kwa sababu kucha ikilowa na kukauka kila saa ndo inavunjika. Tupa ya kusugulia kucha ipitishe upande mmoja tu. Akasema vumilia, kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi, kuota yote upya ni kama miezi 6.

Nimevumilia! Saivi nimepaka rangi nyekundu, siku ya 6 hii haijabanduka hata kidogo. Dada popote ulipo Mungu akubariki sana, ulishuka Magomeni haraka hata asante sikukupa vizuri.