Barua kwa rafiki: kitenzi cha Kiingereza na mwenyewe

Nkuhungu, Dodoma

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku makao makuu. Natumaini hujambo, na kwamba mama na watoto hapo Mpwapwa wote wazima. Ujumbe wako nimeupata. Umesema kinachokuangusha kwenye mazoezi ni kusahihisha sentensi, hasa zenye vitenzi vya -ing na zile za orodha. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana haya hayaelezeki kwa meseji.

Kwanza hicho kitabu ulichoazima. Ni cha GMAT ya zamani, ule mtihani wa kuomba shahada za uzamili za biashara. Toleo jipya lililoanza Novemba 2023 halina tena maswali ya kusahihisha sentensi. Usikirudishe lakini. Wewe unafanya TOEFL ITP, mtihani wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo, ya ngazi ya kwanza, na sehemu yake ya pili ni sarufi tupu: maswali 40 kwa dakika 25. Katika 15 ya mwanzo unajaza pengo. Katika 25 yanayofuata unaonyeshwa sehemu nne zilizopigiwa mstari, unachagua yenye kosa, wala huambiwi uisahihishe. Ukigawanya muda, unapata kama sekunde 37 kwa swali. Kusoma sentensi mara tatu ukisikiliza kama "inalia vizuri" hakutakufikisha. Lazima ujue pa kutazama.

Sisi tunaowaza kwa Kiswahili tunateleza kwa sababu moja kubwa: kitenzi chetu hutembea na mwenyewe. Ukisema "Nilipokuwa nikishuka kwenye treni, begi likadondoka," ile ni- imeshataja nani alikuwa anashuka, na li- imetaja kilichodondoka. Hakuna wa kuchanganyikiwa. Sasa tazama hii: "Getting off the train, the bag fell." Neno "getting" halina kiambishi cha mtu. Kiingereza humtafuta mwenyewe baada ya koma, na wa kwanza kukutana naye ni begi. Kwa hiyo begi ndilo lililoshuka kwenye treni. Ni kosa, hata kama kila msomaji ameelewa ulichokusudia. Sahihi: "Getting off the train, I dropped the bag."

Basi ukiona sentensi imeanza na -ing, -ed au "having", ruka mpaka kwenye koma, soma kiima kinachofuata, ujiulize: huyu ndiye aliyetenda au aliyetendwa? Hii hapa ya zabibu zetu: "Planted on the plains around Dodoma, farmers harvest grapes twice a year." Waliopandwa hapo ni wakulima! Weka "grapevines are harvested twice a year" baada ya koma na mambo yanakaa sawa. Watunga mtihani wana mtego mwingine wanaoupenda sana, wa kumficha mwenyewe kwenye umilikishi, yaani ile 's: "Founded in 2007, the University of Dodoma's students come from every region." Jicho linaona jina la chuo, linapita. Lakini kiima ni "students", na si wanafunzi walioanzishwa mwaka 2007. Inatakiwa "Founded in 2007, the University of Dodoma draws students from every region."

Kirai cha -ing kikija mwishoni mwa sentensi, koma ndiyo inayoamua. Linganisha hizi mbili:

"The driver passed the truck carrying maize to Kibaigwa."
"The driver passed the truck, carrying maize to Kibaigwa."

Ya kwanza, mahindi yamo kwenye lori lililopitwa. Ya pili, mwenye mahindi ni dereva aliyepita. Koma moja imehamisha shehena nzima. Bila koma, -ing hushika nomino iliyo jirani. Ikiwa na koma mwishoni mwa kishazi, hurudi kwa kiima, na mara nyingi hueleza namna tendo lilivyofanyika au lilichosababisha. Ndiyo maana mitihani hii huikubali "The government moved its offices to Dodoma, raising rents across the city," ila huikataa ", which raised rents". Kwao "which" huegemea nomino iliyotangulia, na hapo nomino hiyo ni Dodoma, wakati kilichopandisha kodi ni kule kuhama.

Sasa orodha, yaani usambamba: vitu vyenye kazi moja viwe na umbo moja. Hapa pia tunaponzwa na lugha yetu. Kwetu "kusoma, kuandika na kuhesabu" ni ku- moja tu. Kiingereza kina njia mbili, "to read" na "reading", na hazichanganywi ndani ya orodha moja. "The course teaches farmers to prune the vines, controlling mildew, and how to store grapes" ina maumbo matatu kwa kazi moja. Chagua moja: "to prune the vines, control mildew, and store grapes." Hiyo "to" ama uiweke mara moja mwanzoni, ama uirudie kwa kila kimoja, kuiweka kwa cha kwanza na cha tatu tu ni kosa.

Kwenye jozi kama "not only... but also", "either... or" na "both... and", usihangaike na sentensi nzima. Angalia neno linalofuata kila nusu ya jozi. "Grapes are not only sold to wineries but also to roadside traders": baada ya "not only" kuna kitenzi, baada ya "but also" kuna "to". Havilingani. Sogeza "sold" itangulie: "sold not only to wineries but also to roadside traders." Ulinganisho nao ni usambamba wa maana. "Dodoma's rainfall is lower than Morogoro" inalinganisha mvua na mji; andika "than Morogoro's" au "than that of Morogoro".

Ninapotaka ukae zaidi ni pale mambo haya mawili yanapokutana. Soma: "The officers visited the vineyards and interviewed the growers, recording every name in a notebook." Mwanafunzi aliyetoka kujifunza usambamba ataona "visited", "interviewed", kisha "recording", ataruka kusema orodha imevunjika. Haijavunjika. Orodha ni ya vitu viwili na imeshafungwa na "and". Hiyo "recording" inaeleza namna mahojiano yalivyofanyika. Kabla ya kuhukumu, tafuta "and" au "or" ya mwisho, kisha ulinganishe maneno inayoyaunganisha tu. Na kuna wakati zote mbili ni sahihi kisarufi, ila zinasema mambo tofauti. "The storm tore off the roof, flooding three classrooms": maji yaliingia kwa sababu paa liling'oka. "The storm tore off the roof and flooded three classrooms": dhoruba ilifanya mambo mawili, na sentensi haisemi kama moja limezaa jingine. Ukipewa zote kwenye kitabu hicho cha GMAT, fuata maana ya sentensi ya awali.

Fanya hizi nne jioni, dakika mbili na nusu tu, na ujue kwamba moja haina kosa:

"Having pruned the vines in time, the harvest was good."
"She wants either to study in Arusha or in Nairobi."
"Built on a hill, the school overlooks the whole valley."
"The bus stopped at Gairo to pick up passengers and refuelling."

Kwa kila yenye kosa, niandikie na sababu, si jibu tupu. Nitumie kwa WhatsApp ukimaliza, nitakurudishia kesho yake.

Nisalimie mama sana.

Ni mimi rafiki yako,
Dodoma