Wito wa Harambee: Mashine za Presha kwa Zahanati Yetu

Assalaamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wa Newala mlioko nyumbani, Masasi, Mtwara mjini, na hasa ninyi wa Mbagala na Temeke.

Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi. Bati mlizotuchangia msimu wa korosho uliopita bado zinang'aa. Lakini chini ya bati hizo mashine ya presha ni moja tu, na mpira wake umetoboka. Muuguzi ameuziba kwa plasta. Akipuliza, hewa inasikika ikitoka.

Mama mmoja wa hapa kijijini alikuja na kichwa na kizunguzungu. Mashine ikagoma. Akapewa panado, akarudi kuokota korosho. Siku ya tisa alianguka chini ya mkorosho. Alipelekwa hospitali kwa bodaboda, kapakatwa katikati, mwanawe kamfunga kwa kanga asidondoke njiani. Amerudi hai, Alhamdulillahi, ila mkono wa kulia hauinuki. Mkono huo ndio uliokuwa ukibangua korosho za kusomeshea watoto wanne.

Hicho ni kiharusi cha presha, na kinazuilika, tena na watu wa kijijini wenyewe. Huko China, katika nusu ya vijiji 326, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kupima presha, kutoa dawa kwa utaratibu uliopangwa na kuwafuatilia wagonjwa, nao wagonjwa wakapewa mashine za kujipimia nyumbani. Lengo lilikuwa presha ishuke chini ya 130 kwa 80. Walihusika watu karibu 34,000. Matokeo ya miaka mitatu yalitangazwa mwaka 2023: kiharusi, magonjwa ya moyo na vifo vyake vilipungua kwa theluthi moja kuliko vijiji vilivyoendelea na huduma ya kawaida. Wale ni wakulima kama sisi.

Tunaomba mashine sita, kila moja 120,000, na mafunzo ya siku tatu kwa wahudumu wetu sita, 480,000. Jumla 1,200,000. Mkononi tuna 215,000, nyingi zimetoka kwa akina mama wa kijijini, mia tano mia tano. Wapo walioko mjini waliochangia harusi laki mbili mwezi uliopita; hatuwataji, wanajijua, na tunawaamini.

Risiti zote zitabandikwa ubao wa zahanati. Tuma kwa namba ya mweka hazina ileile ya bati, kabla ya mwisho wa mwezi. Majina yatasomwa msikitini Ijumaa na kanisani Jumapili.