Mwanao Hakukanyaga Kitu

Likoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwako. Nataka ulijue hili kabla ya lingine lolote: mwanao anaendelea vizuri. Homa imemwacha, anakula wali na samaki wake, na jana alasiri amegombana na binamu zake juu ya rimoti ya televisheni mpaka nikawatenganisha.

Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki mahali. Unapiga kwa kujiiba, dakika chache kabla tajiri wako hajakuita, unalia, nami nikijibu hili wewe umeshauliza lile. Ukikata, wengine wanakutumia sauti walizorekodi, na hizo ndizo unazolala nazo huko Doha. Nimesikilizishwa zote. Nimesikia wanavyosema mtoto amekanyaga kitu alichotegewa mlangoni, kwamba mguu wa namna hii si wa hospitali, na kwamba kuna mzee wa kutegua anayetaka pesa kabla hajatoka kwake. Nasikia pia umeshaanza kuomba mshahara wa mwezi ujao.

Pesa hizo usizitume. Mwanao hakukanyaga kitu. Mguu huu nimeushika kwa mikono yangu tangu ulipoanza, na nitakueleza ulikotoka na ulikofika, upate la kuwajibu.

Ulianza na masika. Unaijua mvua ya mwezi wa tano huku kwetu: njia ya shuleni inageuka dimbwi, na viatu vya ngozi vikilowa asubuhi havikauki hadi kesho yake. Mtoto anashinda darasani na soksi za nailoni zilizoloa, jioni anavua, anavaa champali zake, anakwenda chuoni kusoma Kurani, na kesho anarudia viatu vile vile vibichi. Ngozi baina ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata ikalegea, ikawa nyeupe, ikaanza kumwasha. Hizo ni fangasi za miguu, na fangasi hupenda joto na unyevu, vitu ambavyo Mombasa hatuna uhaba navyo. Akawa anajikuna usiku. Ngozi ikapasuka ufa mdogo sana, huuoni mpaka umpanue vidole uangalie kwenye mwanga.

Ufa ule ndio ulioingiza maradhi. Daktari alinieleza kwamba kuna bakteria wanaoitwa stafilokokasi na streptokokasi. Hao stafilokokasi takribani mtu mmoja kati ya watatu anaishi nao puani mwake, mzima wa afya, hana habari. Juu ya ngozi nzima hawana la kufanya. Wakipata ufa, wanashuka chini ya ngozi, wanazaana, na nyama inavimba. Kwa hiyo anayeuliza nani ametega, mwambie hakutega mtu. Ni soksi mbichi na kucha za mtoto.

Halafu kuna ile krimu. Wifi yako alikwenda duka la dawa kwa nia njema kabisa, akaeleza kwa mdomo kwamba mtoto anawashwa miguu, akauziwa tyubu ya mchanganyiko. Hakuna aliyemwambia amlete mtoto aonekane. Tyubu za aina ile huwa na dawa tatu ndani yake: ya fangasi, ya bakteria, na ya tatu ni steroidi, ambayo kazi yake ni kutuliza ngozi iliyokasirika. Hiyo ya tatu inapunguza muwasho upesi na uvimbe unanywea, kila mtu anashukuru, na huku inailegeza kinga ya mwili pale pale inapohitajika. Maradhi yanaendelea chini kimyakimya. Nimeona miguu mingi iliyofichwa na krimu hizo miaka niliyokuwa nafua mashuka ya wodi, kwa hiyo nilipoiona tyubu nikaichukua, nikaiweka mbali. Lakini linaniuma, mwanangu, kwa sababu watu wengi wa mtaa wetu daktari wao wa kwanza ni muuza dawa, na muuza dawa anayeuza bila kutazama anawaumiza watu asiowajua.

Asubuhi moja akaamka hawezi kukanyaga. Juu ya mguu, nyuma ya vidole, pamejaa, ngozi imekaza inang'aa. Sasa sikiliza hili, maana hata wewe siku moja litakufaa: vitabuni wanaandika kwamba ngozi inakuwa nyekundu. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu kiasi hicho. Mguu wa mwanao uligeuka rangi ya zambarau iliyokolea, na ungeweza kudhani ni alama ya kugongwa. Nilichokiamini ni mgongo wa kiganja changu. Nikaugusa mguu mzima, kisha mguu mgonjwa, na tofauti ya joto ilikuwa wazi hata kwa mtu aliyefumba macho. Nikafuata kwa kidole mpaka pale ugumu unapokwisha na nyama ya kawaida inapoanza, nikachora mstari kwa kalamu ya wino kuzunguka uvimbe wote, na pembeni nikaandika saa.

Ndugu zako walinishangaa. Lakini jicho linasahau, na mtu anayemtazama mtoto kila saa haoni mabadiliko. Mstari hausahau.

Siku hiyo hiyo tukaenda zahanati ya hapa karibu. Yule daktari kijana alimpima homa, akampima uzito kwa sababu dawa ya mtoto hutolewa kwa kilo zake na si kwa umri, akaniuliza kijitabu chake cha kliniki aone chanjo za pepopunda. Nilikuwa nacho mkobani. Akaandika flukloksasilini, dawa ya kuua bakteria. Nikamuuliza mbona si amoksilini tunayoizoea, akasema stafilokokasi wengi wameshajua kuivunja amoksilini ikiwa peke yake. Na akaniambia neno nililolishika: uvimbe ukivuka mstari wako, au akianza kutetemeka, au akilegea, msingoje dawa iishe, nendeni hospitali kubwa.

Ukavuka. Kesho yake jioni ulikuwa umeupita mstari upana wa vidole viwili na kuelekea kifundoni, na homa imepanda ingawa dawa ameinywa bila kuruka. Nikampapasa kinenani, nikakuta mtoki umesimama, ukiugusa tu analia. Mtoki maana yake mwili umeshajua kwamba maradhi yanapanda.

Basi wakati huo ndipo nyumba ilipojaa watu, na hapo ndipo maneno ya kukanyaga kitu yalipozaliwa. Mmoja anataka tufungue kapsuli za rangi mbili tumwage unga wake kidondani. Mwingine anataka mafuta ya taa. Ami yako mkubwa, ninayemheshimu sana, anasema tukimpeleka hospitali atakatwa mguu, kwa hiyo kwanza ateguliwe na yule mzee. Nikamjibu kwa adabu kwamba mguu unaokatwa ni ule uliocheleweshwa, nikamfunga mwanao kwa leso mgongoni, nikatoka. Ukinisikia nimesemwa kwamba nina kiburi, hicho ndicho kiburi changu.

Tukavuka feri usiku ule. Kijana mmoja mwenye mkokoteni wa mihogo alishusha gunia akanikalisha juu yake, ili mtoto apate kuunyosha mguu ukae juu. Mpaka leo namwombea.

Coast General, ambayo sisi wa zamani bado tunaiita Makadara, walimpokea na kumlaza. Wakamtia mrija mkononi, dawa ikawa inaingia mshipani moja kwa moja. Wakampiga picha ya mfupa kuangalia kama maradhi yamefika huko, na hawakuona dalili yake, alhamdulillahi. Wakaniuliza kama ana selimundu, yale maradhi ya damu ya kurithi, na kama vidole vyake viliwahi kuvimba alipokuwa mchanga. Usiogope swali hilo: selimundu ni nyingi huku pwani, na mwenye nayo bakteria humshika mfupani kwa wepesi zaidi, kwa hiyo ni haki yao kuuliza. Wakapima damu. Hana.

Chini ya ngozi usaha ulikuwa umeshajikusanya. Daktari alinieleza kwamba usaha uliofungika mahali pamoja dawa haifiki ndani yake vizuri, lazima utolewe. Wakamchoma sindano ya ganzi, wakapasua mahali padogo, na ulitoka mwingi kuliko nilivyodhani mguu mdogo vile unaweza kubeba. Sitakuficha, alilia na akaita jina lako. Nilimshika kichwa. Kisha wakaziba kwa shashi, wakafunga bendeji, na usiku ule kwa mara ya kwanza alilala bila kugutuka. Asubuhi ugumu ulikuwa umeanza kurudi ndani ya mstari. Nilimwonyesha yeye mwenyewe, akahesabu nafasi iliyobaki kwa kidole chake.

Wako watakaokwambia kwamba nimemwacha Mungu nikakimbilia madaktari. Mwalimu wake wa chuo alikuja kumzuru wodini, akamsomea, akampulizia, nami nilikaa pale nikaitikia amina kwa moyo wote. Ni yeye aliyewakumbusha waliokuwepo kwamba Mtume ametuamrisha tujitibu, na kwamba hapana maradhi yaliyoshushwa ila yana dawa yake. Dua namtakia kila siku. Ninachokataa ni mtu wa kuja kuchanja mguu wenye usaha kwa wembe asioujua ulikotoka, aondoke na mshahara wako.

Na lile jingine walilokwambia, kwamba haya yamempata kwa sababu mamake yuko mbali, nalo nimelisikia. Mvua imenyesha kwa watoto walio na mama zao vilevile. Ada anayolipiwa, na kitanda anacholalia, vinatoka mikononi mwako. Hilo sitalirudia, wala nawe usilirudie kichwani.

Sasa tulivyo. Amerudi nyumbani na flukloksasilini ya maji. Ni chungu mno, anakunja uso wote, kwa hiyo nampa tende mkononi aishike hadi muda wake wa kula ufike. Dawa hii inataka tumbo tupu, saa moja kabla ya chakula, mara nne kwa siku. Nimeipanga na swala: nikiamka alfajiri, adhuhuri, magharibi, na kabla sijalala mimi namwamsha. Chupa inakaa kwenye friji ya jirani yetu wa mlango wa pili, maana ikishachanganywa na maji haitaki joto. Ataimaliza yote hata mguu ukionekana mzima. Bendeji tunabadilishiwa zahanati, na taulo lake ni lake peke yake, na kucha zote za watoto humu ndani nimezikata.

Kuna jambo moja nalitazama bado, nawe lijue ili usishtuke nikikutajia. Ikiwa streptokokasi walikuwemo, baada ya wiki tatu hivi au zaidi wanaweza kuacha athari kwenye figo hata kidonda kikiwa kimefunga. Dalili yake ni mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na uso kuvimba asubuhi, hasa machoni. Kwa hiyo kwa muda anakojoa kwenye kopo la plastiki, natazama. Mpaka sasa ni mweupe.

Fangasi nazo zinatibiwa, kwa krimu ya fangasi peke yake, na tutaendelea nayo hata baada ya ngozi kuonekana safi, la sivyo ufa utarudi. Ukitaka kutuma kitu, tuma bei ya jozi ya pili ya viatu vya shule, ili jozi moja ikauke siku nzima nyingine ikivaliwa, na soksi za pamba. Marhamu za huko usitume, hata wakikwambia ni nzuri namna gani.

Limebaki moja, nalo siliwezi peke yangu. Mtoto ameyasikia yale maneno. Watu walisemea juu ya kichwa chake wakidhani amelala. Tangu arudi, kila akifika mlangoni anasimama, anatazama chini, halafu anaruka kizingiti kwa mguu mmoja mzima, akishikilia ukuta. Nimemwambia hapana kitu pale, nimefagia mbele yake, nimekaa mwenyewe pale kizingitini nikichambua mchicha ili anione. Anaitikia, kisha anaruka. Juzi aliniuliza kama kilichotegwa kilikuwa chake au chako.

Ijumaa ukipata simu, piga baada ya swala ya isha, atakuwa bado macho. Mguu usiuulizie kwanza, na usilie. Mweleze wewe, kwa maneno yako, habari za soksi na ufa na vile vidudu, kama nilivyokueleza mimi hapa. Mwambie mlangoni hapana kitu. Akilisikia kwako ataliamini.

Ni mimi mamako.